Jina la Chuo Kikuu Lisikodishwe

Si jambo geni nchini kumwona mwanafunzi akisomea shahada ya chuo kikuu ambacho lango lake kuu hajapata kuliona. Chuo chenyewe kiko mbali, pengine kati ya mashamba ya mahindi au ya majani chai. Yeye anasomea ghorofani jijini, juu ya benki na maduka ya nguo. Mara nyingine hata jumba, madawati na makarani si wa chuo, bali ni wa mshirika wa kibinafsi anayegawana nacho karo.

Sina nia ya kuwabeza wanaosoma hivyo. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti, mke na watoto watatu hawezi kuacha kazi kwa miaka minne ili akasome mbali. Kituo kilicho karibu naye ndicho kinachomfungulia mlango. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya kujilipia mwaka 1998, Wakenya wengi walio kazini wamepata shahada kwa njia ya namna hiyo. Swali langu ni hili: chuo kikuu kinapomkaribisha mshirika, kimkabidhi nini, na kibaki na nini mkononi mwake?

Tutazame Australia. Chuo Kikuu cha Central Queensland kina makao yake Rockhampton, mji wa wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1994 kilifungua kituo mjini Sydney, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka makaoni, kwa ushirikiano na kampuni ya kibinafsi. Vituo vingine vikafuata, ikiwemo Melbourne. Wanafunzi wengi wa vituo hivyo walitoka ng'ambo na kulipa karo kamili, nayo mapato hayo yalikifaa sana chuo cha mashambani. Hata hivyo, mwaka 2006 wanafunzi wa Melbourne walipolalamika hadharani baada ya wengi wao kuanguka katika kozi moja, aliyetakiwa kujibu alikuwa chuo kikuu. Jina lililo kwenye cheti ni lake. Hatimaye chuo hicho kiliichukua kampuni yenyewe ikawa mali yake.

Nasi tumeonja machungu yetu. Mwezi wa Januari mwaka 2016, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge mabewa 10 kati ya 13, na wanafunzi wapatao 15,000 wahamishwe. Mwaka huo huo, watahiniwa wa KCSE waliopata alama ya C+ na zaidi walipungua hadi 88,929, kutoka takriban 169,000 mwaka uliotangulia. Waliofuzu wakapata nafasi za serikali, na vituo vingi vya mijini vilivyotegemea wanaojilipia vikakosa wateja. Baadhi vilifungwa.

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mshirika anayelipwa kwa kila kichwa hupata faida kadiri wanafunzi wanavyoongezeka. Huenda akawa mtu mwadilifu kabisa. Lakini tukimwachia yeye kuamua nani aingie, nani afundishe na nani afuzu, tumemfanya mchezaji na refa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo naona kuna mambo manne yasiyofaa kukodishwa. La kwanza ni usajili: sifa za kujiunga ziwe zile zile za bewa kuu. La pili ni uteuzi wa wahadhiri: idara husika ndiyo iwapige msasa. La tatu ni mitihani: karatasi itungwe na kusahihishwa chini ya seneti ya chuo. La nne ni kumbukumbu za alama, ambazo zikipotea, miaka ya mwanafunzi imepotea nazo. Mshirika na abaki na jumba, umeme, viti na usafi. Hizo si kazi duni, na alipwe kwa haki.

Aidha, mkataba wowote ueleze mapema wanafunzi watamalizia wapi pande mbili zikitengana. Ndoa ya watu wawili ikivunjika, watoto hawatupwi barabarani.

Nanyi wanafunzi, pamoja na walimu mnaojiendeleza, msivutwe na mabango pekee. Kabla ya kulipa karo, ulizeni kama kozi imeidhinishwa na tume. Ulizeni mhadhiri ameajiriwa na nani, maktaba iko wapi, na nani atakayetia sahihi matokeo. Kituo cha kweli kitajibu maswali hayo papo hapo. Kinachobabaika, heri kukipita, kwa maana karo huweza kutafutwa tena, lakini miaka haina wa kuirejesha.