Udongo Ubebao Gesi ya Tiba Si Udongo wa Uani

Huko Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kama kwingineko nchini, udongo hufinyangwa vyungu, hufyatuliwa matofali, hutafunwa na baadhi ya wajawazito, na pengine hupakwa kidondani. Kwa hiyo habari kwamba wanasayansi hubebesha madini ya udongo gesi za tiba haina budi kuelezwa kikamilifu. Ikisikika nusu, yaweza kuua.

Gesi inayotajwa zaidi ni nitriki oksaidi. Mwili huitengeneza wenyewe ili kutanua mishipa ya damu na kupambana na vijidudu. Ugunduzi wa kazi yake katika mishipa uliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Hata hivyo, mwilini hudumu sekunde chache tu, ikizidi ni sumu, na kuitoa kwa mitungi na mashine ni gharama kubwa.

Hapo ndipo madini yanapofaa. Chembe za udongo wa mfinyanzi zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Zeolaiti, madini ya jamii hiyo ya silika na alumini, yana vitundu vidogo mno. Katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, timu ya Russell Morris imeonyesha kwamba zeolaiti iliyokaushwa huhifadhi gesi hii. Unyevunyevu ukiingia, maji hushika nafasi yake, nayo gesi hutoka polepole. Unga wa namna hiyo, ukithibitishwa kwa wagonjwa, ungeweza kukaa katika kabati la zahanati isiyo na umeme, ukingojea kidonda sugu cha mgonjwa wa kisukari.

Lakini kinachokusudiwa kutibu hapo ni gesi; madini ni mchukuzi tu, tena yaliyosafishwa na kupimwa. Udongo wa uani haukubeba gesi hiyo. Huweza kubeba mbegu za vijidudu vya pepopunda, na ule wa kula huweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Mhudumu wa afya na amuulize mgonjwa bila kejeli, "Umepaka nini?", akisafishe kidonda, na kuhakikisha chanjo ya pepopunda. Mgonjwa naye aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, akifunike kwa kitambaa safi, kisha afike kituoni mapema.

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Tanzania ina kaolini katika vilima vya Pugu. Haifai isubiri kuuziwa na wengine dawa itokanayo na madini ya aina hiyo. Maabara za vyuo vyetu ziyachunguze madini hayo sasa. Hadi majibu yapatikane, udongo ubaki kwa mfinyanzi, kidonda kiende kwa muuguzi.