Wenyeji wa Udzungwa Nao Walale Mlimani

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara za kupitisha magari ya watalii. Atakaye kuona wanyama wake hana budi kutembea kwa miguu. Na atakaye kufika kilele cha Mwanihana hufunga safari ya siku tatu, akilala katika hema msituni chini ya ulinzi wa askari mwenye bunduki, kwani tembo nao wamo. Alfajiri huwaona mbega wekundu wakirukaruka juu ya miti.

Hiyo ni fahari ya Taifa. Lakini tunauliza: ni wananchi wangapi wa Mang'ula na Sanje, waishio chini ya milima hiyo, waliowahi kulala huko hata usiku mmoja?

Zamani akina mama wa vijiji hivyo waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Hatuupingi uamuzi huo, maana msitu ule hutunza mito inayonywesha mashamba ya mpunga na miwa ya Kilombero. Hata hivyo, mama aliyeacha mzigo wake wa kuni kwa ajili ya Taifa hastahili kuitazama milima ile kila asubuhi kana kwamba ni mali ya wageni.

Tena wenyeji wanaujua msitu kuliko wengi wetu wenye shahada. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa wakiwafuatilia mbega huko Mwanihana walisikia mlio wasioufahamu. Msaidizi wao, mwenyeji, aliutambua papo hapo na kuwatajia jina la mnyama. Hivyo ndivyo wanasayansi walivyompata kima wa Sanje, ambaye haishi popote duniani ila Udzungwa.

Ni kweli kwamba kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Lakini hema, chakula na malipo ya kiongozi wa msafara bado humshinda mkulima. Kwa hiyo tunashauri Shirika la Hifadhi za Taifa na halmashauri zinazohusika zigharimie kambi ya kila mwaka kwa wanafunzi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, na wazee wafuatane nao kuwaeleza miti na milio ya wanyama.

Njia za mlimani huwa kavu kuanzia Juni hadi Oktoba. Matayarisho yaanze mapema, na watoto wa Sanje wawe wa kwanza kupanda.