Cheti cha usawa kiko Kampala, kizimba kiko Mbale

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda

MBALE — Wafanyabiashara wanaoingia mashariki mwa Uganda kupitia Busia, Malaba au Lwakhakha hujua bei ya mahindi na maharage kabla hawajavuka mpaka. Wachache wanajua jambo jingine linalogusa mfuko wao: ofisi ya umma inayowatoza ushuru inabanwa na sheria gani kuwatendea watu wote kwa usawa, na nani anaikagua.

Kwa upande wa sheria, Uganda haina upungufu mkubwa. Katiba ya 1995, Ibara ya 21, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Inakataza ubaguzi wa jinsia, rangi, kabila, dini, hali ya kiuchumi, siasa au ulemavu. Ibara ya 42 inampa kila anayefika mbele ya ofisa wa serikali haki ya kutendewa kwa uadilifu, na asiporidhika aende mahakamani. Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, ina mamlaka ya kusikiliza malalamiko ya ubaguzi.

Kisha ikaja hatua ambayo nchi nyingi hazijaifikia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 iliunganisha usawa na fedha. Mpango wa awali wa bajeti ya taifa na taarifa za sera za wizara lazima viambatane na cheti cha jinsia na usawa, kinachotolewa na Waziri wa Fedha kwa kushauriana na Tume ya Fursa Sawa. Tume hupima kama fedha zimepangwa kwa kuwajali wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu na maeneo yaliyoachwa nyuma. Anayepata chini ya alama 50 kwa 100 huhesabiwa kuwa ameshindwa.

Udhaifu ni kwamba kipimo hicho husoma nyaraka. Kinaonyesha kilichoahidiwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Hakionyeshi kilichotokea sokoni mwezi Novemba. Tena masharti hayo yanaielemea zaidi serikali kuu, ilhali mchuuzi hukutana na baraza la jiji.

Jinja na Mbale ni mfano mzuri. Yote mawili yalipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 1, 2020. Masoko yao makuu yalijengwa upya chini ya mradi wa MATIP, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni majengo ya ghorofa, na kila mchuuzi anajua maana yake: kizimba cha chini, karibu na lango, huuza, cha juu husubiri mteja mwenye nguvu za kupanda ngazi. Kwa hiyo anayegawa vizimba anagawa kipato. Akiwapa wenye jina na fedha vile vya chini, na kuwapandisha juu mjane na mwenye kiti cha magurudumu, amevunja wajibu wa usawa hata kama bajeti ya wizara ina cheti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi wa aina hiyo katika huduma.

Hivyo swali la kuulizia barazani si kama cheti kipo. Ni haya: orodha ya waliopewa vizimba iko wapi? Wanawake ni wangapi, na wako ghorofa gani? Fedha za choo, maji na njia ya magurudumu zimeandikwa kwenye fungu lipi? Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inampa raia wa Uganda haki ya kuomba nyaraka hizo kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 21. Haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo Mkenya au Mtanzania anahitaji mwenzake wa Uganda atie saini ombi. Hapo ndipo chama cha wachuuzi chenye watu wa pande zote mbili kinapokuwa na faida.

Mgeni ana pengo jingine la kulijua. Ibara ya 21 imetaja kabila na asili, lakini haikutaja uraia. Ukitozwa zaidi kwa sababu tu umetoka Kisumu, ngao yako ya kwanza ni Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 1, 2010, ambayo inakataza kuwabagua raia wa nchi wanachama kwa uraia wao. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Lakini muda ni miezi miwili tu tangu tendo litokee au tangu ulijue. Wengi huupoteza wakizungushwa na ofisi.

Karibu na nyumbani, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi ya kanda Jinja. Hupokea malalamiko bila malipo, na inaweza kuamuru fidia. Ukikamatwa kwa sababu ya bidhaa, kumbuka Ibara ya 23: lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hujaachiwa. Na tangu 2019, Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu inamfanya ofisa aliyevunja haki awajibike yeye binafsi, hata kama serikali nayo inashtakiwa. Askari wa jiji anayemwaga nyanya za mama barabarani hawezi tena kujificha nyuma ya sare yake.

Sheria hizi zote hudai ushahidi. Omba risiti kila unapolipa. Andika tarehe, mahali na cheo cha ofisa. Peleka lalamiko kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na mabaraza yanapoitisha mikutano ya bajeti, wachuuzi waende. Theluthi moja ya viti vya baraza ni vya wanawake kwa mujibu wa Katiba, na watu wenye ulemavu wana wawakilishi wao. Madiwani hao waulizwe habari za vizimba kabla bajeti haijapitishwa, kwa sababu ikishapita, kilichobaki ni kulalamika kwa mwaka mzima.