Wana-Ilemela, Kivuli cha Mtaa ni Kazi Yetu

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 343,001 Ilemela. Ya mwaka 2022 ikawakuta 509,687. Kila aliyeongezeka anataka pa kulala, maji ya kunywa na pa kutupa taka. Buswelu, Nyamhongolo na Kiseke, kulikokuwa na mashamba, sasa ni bati kwa bati.

Ndugu zangu, siulaumu wingi wetu. Watu ni neema. Ninalolilia ni kwamba tunajenga nyumba na kusahau kujenga mtaa.

Piteni Kirumba au Kitangiri baada ya mvua kubwa. Maji yanateremka vilimani kati ya mawe yale tunayojivunia, yanazoa udongo wa nyuma ya nyumba, chupa za plastiki na nepi za watoto, yanakuta mfereji umeziba, yanakatiza uani kwa watu na kuishia ziwani. Ziwa hilohilo tunateka maji, tunavua sangara na dagaa. Uchafu wetu ndio mbolea ya gugumaji tunalolilaani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; huku kwetu ufa umekwisha kuwa korongo.

Miti tunapanda, tena kwa shangwe. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na siku ya kupanda hatukosi viongozi wala picha. Lakini rudini mwezi wa nane, jua likiwa limekaza: shimo lipo, kijiti kikavu kipo, na mbuzi anatafuna kilichobaki. Mche ule haukukosa mpandaji. Ulikosa mwenyewe.

Majirani zetu wa Shinyanga walilijua hili mapema. Nchi yao ilifyekwa miti kuwafukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, kilichouokoa mkoa zaidi ya miche ya vitalu ni ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika, la kaya au la kijiji, likilindwa kwa amri za wenyeji wenyewe. Aliyeingiza ng'ombe alitozwa faini na wenzake. Maelfu kwa maelfu ya hekta yakarudisha miti, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Equator.

Mtu ataniambia kule ni malisho, hapa ni viwanja. Sawa. Lakini tunayo makorongo, kingo za mito, viwanja vya shule, na zile mita 60 za kando ya ziwa ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu. Mkutano wa mtaa ukitamka kwamba korongo hili ni la kaya hizi, kwamba atakayetupa taka humo atalipa na atakayekata mti atapanda na kumwagilia, kuna nani wa kutuzuia? Usukuma ndiko ilikozaliwa sungusungu. Kujilinda hatufundishwi.

Hata kwenye urasimishaji wa makazi tunajidhulumu. Mpimaji akifika, tunagombania futi tatu za uchochoro, hakuna anayekubali kumega. Mega, ndugu yangu! Njia inayopitisha gari la taka na la zimamoto inapandisha bei ya kila nyumba iliyo nyuma yake. Hati ya nyumba isiyofikika itakusaidia nini siku ya moto au siku ya mgonjwa?

Wala usafi wa mtaa si adui wa riziki. Pale Igombe dagaa wanaoanikwa mchangani hubeba mchanga hadi sokoni, na bei inashuka. Wa kwenye chanja hukauka safi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa nini vikundi vyetu visiombe mkopo wa chanja, wa kitalu cha miche ya matunda, wa mikokoteni ya kuzolea taka?

Basi mkutano wa mtaa ukiitwa, usimtume mtoto akusikilizie. Nenda mwenyewe, simama, taja korongo la mtaa wako kwa jina, na usiketi mpaka liandikwe kwenye muhtasari pamoja na majina ya watakaolisimamia kabla ya vuli.