Tundu la boriti si kazi ya mchwa

Na Nekesa Wanyama

Kuanzia Myanga hadi Kitale, tundu la mviringo kwenye boriti ya jikoni, lenye upana wa kidole, hutosha kumtia mdudu hatiani. Huletwa mafuta ya taa, kisha udongo wa kuziba. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mchwa hula mbao. Nyuki seremala hali hata chembe. Huichonga kwa taya zake, akiingia kidogo kisha akikata kona kufuata nyuzi za mti. Humo hupanga vyumba: kila kimoja donge la chavua na nekta, yai moja juu yake, na ukuta wa vumbi la mbao lililotafunwa. Kumtambua si kazi: mkubwa, mweusi, tumbo linang'aa bila manyoya mengi. Jike wa Xylocopa caffra, mmoja wa jamii hiyo nchini Kenya, ana mishipi miwili ya manjano au myeupe. Dume amevaa manyoya ya manjano ya kijanikijani mwili mzima, ndiyo maana wengi huwadhania aina mbili. Huyo dume anayekuelea usoni kama askari wa lango hana hata mwiba. Jike anao, ila huutumia akishikwa.

Tena mdudu huyu huchavusha mazao. Mfugaji wa nyuki atauliza: si tuna mizinga? Tunayo, lakini nyuki wa asali hawezi kila kazi. Ua la biringanya hufungia chavua ndani ya vijibomba vyenye tundu dogo nchani. Seremala hulikumbatia, hutetemesha misuli ya kifua, na chavua humwagika. Nyuki wa asali hajui mtetemo huo. Utafiti uliofanywa Nguruman, kusini mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2008, ulimweka caffra miongoni mwa wachavushaji bora wa biringanya. Kwenye karakara tatizo ni kimo: nyuki wa asali hupita chini ya sehemu za uzazi za ua bila kuzigusa, seremala huzisugua kwa mgongo.

Pingamizi la mwenye nyumba lina uzito zaidi. Matundu hutumiwa tena na tena, na boriti iliyochongwa miaka mingi hudhoofika kweli. Lakini dawa yake ni rangi ya mafuta juu ya mbao tupu, kwani mbao iliyopakwa haimvutii, pamoja na gogo kavu lililoachwa pembeni mwa shamba badala ya kupelekwa lote mekoni. Kumuua ni hasara ya muda mrefu, kwa sababu hana malkia wala vibarua wa kuziba pengo. Malkia wa mzinga anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku; jike huyu hutaga machache tu, mara nyingi yasiyofika kumi katika kiota kizima. Kibonge kimoja cha udongo kinawafungia wote humo ndani.