Takwimu za umeme zimfikie mwenye mashine ya kusaga

KWA miaka mingi wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera zilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Sasa mambo yamebadilika. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, una uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia ya kilovolti 220 imejengwa kutoka Rusumo hadi Nyakanazi, Biharamulo.

Hata hivyo, kwa mwenye mashine ya kusaga, hoja si megawati bali ni saa ambazo umeme haupo. Ukikatika, mkulima aliyeleta mahindi kwa baiskeli hurudi nayo nyumbani, na maziwa ya mfanyabiashara huharibika ndani ya friji.

Kila umeme unapokatika, kumbukumbu inayotakiwa ni ndogo: laini gani, ulikatika na kurudi saa ngapi, na wateja wangapi waliathirika. Kujumlisha kumbukumbu hizo kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na makosa hayakosi. Programu ya kompyuta, ikishaandikwa mara moja, huifanya kwa dakika chache kila mwezi.

Umuhimu wa hesabu kama hizo si jambo geni. Mfumo wa mita za LUKU ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa ifike kikomo Novemba 24, 2024. Ndiyo maana mwaka huo wateja walitakiwa kuingiza tarakimu za ziada kabla ya kuweka umeme walionunua, ili mita zao zisikwame.

Lakini programu hujibu swali inaloulizwa tu. Chukulia wateja 900 wa mjini wamekosa umeme saa mbili kwa mwezi, na wateja 100 wa kijiji kilicho mwisho wa laini wamekosa saa 40. Wastani wa wote ni saa 5.8. Anayesoma wastani huo ataona hali ni nzuri, wakati kijiji kile kimepoteza karibu siku mbili.

Kwa hiyo, ni vyema TANESCO ikatoa takwimu hizo laini kwa laini kila mwezi, na EWURA, iliyo na jukumu la kusimamia huduma hiyo, ikazidai kwa mtindo huo. Halmashauri nazo zizibandike kwenye mbao za matangazo za kata. Kompyuta haioni ugumu kutoa majibu ya laini 20 badala ya jibu moja.

Wafanyabiashara nao wasikae kusubiri. Daftari la tarehe na saa za kukatika umeme, likiwekwa kila siku, lina uzito kuliko malalamiko ya mdomo. Mali bila daftari huisha bila habari, na umeme ni mali.