Mtoto akitoka, kwao ni wapi?

Wazazi wapendwa, na ninyi vijana mnaosoma ukurasa huu nyuma ya mgongo wa wazazi,

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitanda. Kijana wa miaka 16 au 17 anatoka Likasi. Mmoja anaenda kusoma Lubumbashi, atakaa kwa mama mdogo. Mwingine anasema: «Niko naenda ku Kolwezi kutafuta feza.» Wiki haijaisha, kitanda chake kinapewa mdogo wake, ao chumba kinapangishwa. Hatulaumu mtu. Unga ni bei, minerval haingoji. Lakini mtoto huyo akirudi usiku, ataweka mfuko wake fasi gani?

Mji wetu unajua kwamba nyumba na kwetu si kitu kimoja. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilianza kukalisha wafanyakazi kambini pamoja na bibi na watoto wao. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Ilifuata kazi ya baba. Kisha, mwaka wa 1992 na 1993, jamaa wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walilala kwenye gare ya Likasi wakingojea treni, pamoja na watoto waliozaliwa hapa na ambao Kasai hawakuiona hata siku moja. Ukuta unaweza kunyang'anywa. Kwetu ni pale mtu anakungojea.

Basi, mzazi, fanya nini? Kama huna chumba cha kumchungia, mchungie sahani yake na mkeka wake. Mwambie kwa kinywa, mbele ya wadogo zake: «Mlango huu ni wako.» Usifikiri anajua tu. Watoto wengi hawajui.

Na siku anarudi, neno la kwanza lisiwe: «Umeleta nini?» Neno hili linafunga mlango kuliko kufuli. Kijana aliyekosa feza huko machimboni analisikia tangu mbali, anaona haya, anabaki huko na ugonjwa wake ao deni lake. Mpe maji ya kuoga, mpe bukari, muache alale. Maulizo ni ya kesho.

Kumbuka pia: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Shimo si fasi yake, hata kama anatuma feza. Mtu akimwambia arudi, asiseme amekuwa mzigo.

Nanyi vijana, msingojee kuwa na mfuko mzito ndipo mpeleke habari. Mama anataka kwanza kujua kama uko mzima. Dereva wa barabara ya Kolwezi anaweza kubeba salamu. Simu ya dakika moja inatosha.

Leo jioni, hesabuni watoto wenu mezani. Yule asiyekuwapo, wadogo zake wanataja jina lake bado?